Nawapa Mji

Sisi tuliolelewa madrasa za Ngamiani, Tanga, hatuna desturi ya kusimama mbele za watu tukatoa ushuhuda. Majirani zetu walokole walikuwa nayo. Jumapili jioni tuliwasikia kupitia ukutani, mmoja baada ya mwingine, akieleza alivyokuwa mlevi, au mgomvi, au mwizi wa kuku, hadi siku ile. Marehemu baba alikuwa akipunguza sauti ya redio asije akakosa mwisho wa hadithi. Basi na mimi leo nitoe wangu. Sikuwa mlevi. Nilitupa kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la filamu ya kamera, lile jeusi la plastiki, na nilililaza kwenye ufa wa jabali kando ya mto Lane Cove, hapa Sydney, asubuhi moja ya Juni 2022, huku mwanangu wa miaka 10 akinitazama.

Ili kosa lieleweke, lazima nieleze mchezo. Unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kopo au kisanduku mahali panapofikika, ndani anaweka karatasi ya kusaini, kisha anatangaza viwianishi vya pale, yaani zile nyuzi na dakika za kusini na mashariki ambazo simu yako inazipata kwa msaada wa setilaiti. Wewe unakwenda, unatafuta, ukilipata unasaini na kulirudisha palepale, na jioni unaandika kwenye programu kwamba umepata. Ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya kule iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS walizopewa raia, na kesho yake bwana mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini na kuwaambia wenzake waifuate. Miongoni mwa vitu alivyotia ndani lilikuwamo kopo la maharage. Leo makopo yaliyofichwa duniani yanapita milioni 3, na Sydney imejaa: chini ya madaraja, nyuma ya vibao, ndani ya mashina ya mikaratusi.

Mimi nilikuja huku mwaka 2016 nikimfuata mume, ambaye sasa ni habari nyingine. Nilikuja na cheti changu cha uuguzi. Ili usajiliwe Australia sharti ufaulu mtihani wa Kiingereza kwa alama za juu. Niliufanya mara mbili, na mara zote mbili nikaanguka kwenye kuandika. Nikaajiriwa kutunza wazee, zamu za usiku, kazi ya heshima isiyo na jina la heshima. Nilikuwa natoka kazini jua linachomoza, nalala, naamka, napika, naondoka. Mji huu maarufu kwa bahari nilikuwa nauona kupitia dirisha la treni.

Mwaka 2021 eneo letu la Cumberland lilikuwa miongoni mwa yale yaliyobanwa zaidi wakati wa korona: usivuke kilomita 5 kutoka kwako, usitoke usiku. Mtoto alikaa miezi kwenye flati ya vyumba viwili pale Auburn, akizeeka. Walipofungua mwezi Oktoba, alirudi kutoka kwa rafiki yake na habari za makopo. Nilimwambia hatuna muda wa kutafuta makopo, tunayo ya kutosha jikoni. Akaninunia siku mbili. Siku ya tatu tukaenda.

Kopo la kwanza lilitupeleka Bicentennial Park, upande wa mikoko ya Badu. Nilipofika kwenye daraja la mbao linalopita juu ya matope, nikasimama. Ile ilikuwa michu. Mti uleule wa kwetu, Avicennia marina kama wanavyouita wataalamu, wenye vijizizi vinavyochomoza topeni kama vidole vya watoto, na harufu ileile ya maji kupwa. Miaka mitano nilikuwa nimeishi jirani na harufu ya kwetu bila kujua. Mwanangu akaliona kopo wakati mimi bado natazama matope, nikijisingizia mafua.

Makosa ya mwanzo yalikuwa mengi, na sina haya nayo. La kwanza ni la namba. Mchezo unaandika viwianishi kwa nyuzi na dakika zenye desimali: S 33° 51.250, kwa mfano. Mimi nikaiandika kwenye ramani ya simu kama 33.51250, nukta ikakaa pasipo pake, na ramani ikanielekeza karibu kilomita 38 kaskazini, kule misituni upande wa mto Hawkesbury. Bahati nilishtuka kabla ya kukata nauli. Kwa hiyo chunguza nukta iko wapi, na usisahau ile S. Sisi wa Tanga tunayo S vilevile, lakini ni S 5, na tofauti ya nyuzi 28 ni bahari nzima.

La pili ni kuiamini simu mno. Penye anga wazi simu hukosea mita tatu hadi tano. Kwenye mabonde ya Sydney, ambako majabali ya mchanga yamesimama pande zote mbili, ishara hugonga mwamba na kurudi, na mshale unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Katikati ya mji, baina ya maghorofa, ni vivyo hivyo. Dawa yake: ukibakiza mita kumi, tia simu mfukoni. Rudi nyuma hatua ishirini, njoo tena kwa upande mwingine, kisha jiulize, ningekuwa mimi ningeficha wapi? Tafuta kile ambacho mvua na upepo visingekifanya. Vijiti vilivyolazwa sambamba kama kuni za mama lishe. Jiwe lililokaa vizuri kupita kiasi. Skrubu isiyoshika kitu. Na ukiona umekosa kwa mita mbili tu, lisingizie bara: Australia inahama kuelekea kaskazini-mashariki kiasi cha sentimita 7 kila mwaka, na wapima ardhi wa nchi hii walilazimika kusogeza ramani zao kwa mita 1.8 ili ziwiane na ardhi ilivyohama tangu 1994. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye treni. Hata nchi yao ni mhamiaji.

Kabla ya kutoka nyumbani, soma walichoandika waliotangulia. Kama wanne wa mwisho wote wamekosa, huenda kopo halipo tena, usipoteze siku. Kuna pia kidokezo, kilichofichwa kwa kubadilishana herufi, A inakuwa N, N inakuwa A, kama kinyume tulichozungumza wasichana ili kaka zetu wasituelewe. Simu hukifungua kwa kugusa tu, ila mwanangu hukifungua kwa penseli, kwa kiburi. Pakua ramani ukiwa na intaneti ya nyumbani, maana bondeni mtandao unakata. Beba pawabenki. Programu rasmi ya bure huonyesha makopo mepesi tu, mengine ni ya wanaolipia. Anza na ya bure, mwaka mzima hayatakwisha.

Beba penseli yako. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2022 Sydney ilivunja rekodi yake ya mvua ya tangu 1950, na karibu kila kopo tulilofungua lilikuwa na uji wa karatasi ndani. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu, penseli inaandika. Tulikuwa tunabeba vipande vya karatasi kavu na vifuko vidogo vya plastiki, tukaongeza pale penye haja na kumwarifu mwenye kopo. Ukifunga, hakikisha hakuna uzi wala jani kwenye mpira wa kifuniko. Uzi mmoja unatosha kuingiza maji wiki nzima.

Kuhusu wadudu, wenzangu kazini waliposikia naingiza mkono kwenye mashimo walishika vichwa. Ukweli ni kwamba huuingizi. Unatanguliza tochi, kisha kijiti, kisha glavu, ndipo mkono. Yupo buibui wa Sydney anayejenga wavu wenye umbo la faneli, mweusi, sumu yake kali. Tangu dawa ya kuikinza ipatikane mwaka 1981 hajafa mtu kwa kung'atwa naye, lakini dawa hiyo iko hospitali, haiko porini. Akikung'ata, au nyoka, funga bandeji pana ya kubana kuanzia ulipong'atwa na kiungo chote, usitembee hata hatua, piga 000. Buibui mwenye mgongo mwekundu ni tofauti: huyo hafungiwi bandeji, unaweka barafu na kutafuta daktari. Bandeji mbili zimo kwenye mkoba wangu daima, kandokando ya kanga. Ukirudi nyumbani mkague mtoto kupe, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Siku za kiangazi zinazotangazwa marufuku ya moto, hifadhi huweza kufungwa. Tazama tangazo kwanza, na kama hifadhi haijafungwa ila upepo ni wa moto, kaa nyumbani ule embe.

Jambo lililonitisha zaidi ya buibui lilikuwa watu. Mwanamke mweusi, kavaa hijabu, amechuchumaa nyuma ya kibao cha bustani akipapasapapasa. Wachezaji wa Kizungu hutaniana kwamba ukivaa reflekta hakuna anayekuuliza kitu. Mimi nikivaa reflekta nitaulizwa nimeitoa wapi. Siku moja mzee mmoja alisimama na mpira wake wa kumwagilia akatutazama dakika tano nzima, maji yakimwagika barabarani. Mwanzoni nilikuwa najifanya naongea na simu, au nimedondosha pete. Pete hiyo niliidondosha bustani nne tofauti. Mwishowe mwanangu akachoka, akamwendea mzee, akamwonyesha simu na kumweleza mchezo. Yule mzee akaweka mpira chini, akaja kutafuta nasi. Tangu hapo nasema ukweli mapema. Na yako maeneo nayaacha tu, hata kama kopo lipo: karibu na uzio wa shule, masanduku ya umeme, ua wa mtu. Hakuna kopo lenye thamani ya maelezo hayo.

Sasa kosa langu.

Programu ile inakupa la kuchagua: nimepata, au sikupata. Katika miezi minane ya kwanza tulirudi mikono mitupu mara tisa, na mara zote tisa sikuandika chochote. Nilijiambia haina maana. Ina maana kubwa. Mwenye kopo anakaa nyumbani kwake, hajui kama mafuriko yamelichukua. Anachokisoma ni yale maneno ya "sikupata". Akiyaona mawili matatu anakwenda kukagua. Ukinyamaza, mwingine atapanda treni na basi mbili kutoka Blacktown kuja kutafuta hewa. Haya niliyajua. Ila kuandika kwa jina langu, mahali wageni wanasoma, kwamba nimeshindwa, kidole kilikataa.

Lile kopo la Lane Cove tulilifuata mara tatu. Ugumu wake ulipewa tatu kati ya tano. Jabali limeinama kama paa, chini yake vishimo mia. Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, mtoto ana baridi, mimi nimetoka zamu bila kulala. Nikatoa kopo jeusi mkobani, nikatia kipande cha karatasi, nikasaini majina yetu, nikaliweka ufani. Nikamwambia mtoto, lao limepotea, tumewasaidia. Jioni nikaandika: tumepata, asanteni.

Wachezaji wana dharau maalumu kwa tendo hilo, na wana haki. Hulitengenezi kopo la mtu bila ruhusa yake, na kopo ulilolileta wewe hujalipata.

Baada ya wiki mbili mwenye kopo akaandika. Kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, alisema amepita pale, kisanduku chake cha kijani kipo mahali pake, na karibu yake amekuta kopo jeusi. Je, ni letu? Mwanangu ndiye aliyeusoma ujumbe kwanza, kwa sauti, mezani. Akauliza, "Mama, tunamjibu nini?"

Sikujibu siku ile wala ya pili. Maana mtoto alipouliza, sikuona jabali la Lane Cove. Niliona mwaka 2018, nimesimama kwenye ngazi za stesheni na karatasi ya matokeo, na simu ya mama inaita kutoka Tanga. Alisema, "Enhe, mwanangu?" Nikasema, "Nimepita, mama." Nikasikia kigelegele. Kopo nimelileta mwenyewe, nimelisaini mwenyewe, nimejiandikia nimepata. Tangu siku hiyo kwetu mimi nikawa sista wa hospitali kubwa Australia, na mjomba akawa ananitumia mahesabu ya nyumba inayolingana na mshahara wa sista huyo.

Usiku wa tatu, wazee wamelala, nilimkumbuka bibi na vitendawili vyake. "Kitendawili!" "Tega!" Tukijaribu jibu hili na lile, tukishindwa, anasema, "Haya, nipeni mji." Tunampa Pangani. Bibi anajifanya amekwenda Pangani, amekula kamba, amelala, amerudi, ndipo anatufungulia jibu. Asiyetoa mji halipati jibu. Anabaki nalo kooni mpaka usingizi unamchukua. Hatukuwahi kuona aibu kutoa mji. Watoto tuligombania nani autoe.

Nikafuta "tumepata". Nikaandika kwamba tumekuja mara tatu, hatukupata, kopo jeusi ni langu, nimekosea, nitakuja kuliondoa. Mwishoni, kwa Kiswahili, nikaongeza: Nimeshindwa, nawapa mji, Pangani. Mwenye kopo akauliza maneno yale yana maana gani. Nikamweleza. Akajibu kwamba amefika Pangani, pazuri sana, na tukirudi tusipapase mashimo, tupapase paa.

Tukarudi Jumapili. Kisanduku kilikuwa kimebanwa juu ya vichwa vyetu, nyuma ya ulimi wa jiwe, mahali nilipokuwa nimeshika kwa kiganja kujizuia nisiteleze. Mwanangu alitia ndani sarafu yetu ya shilingi 200, ile yenye simba, akachukua kigari kisicho na gurudumu moja. Hesabu za biashara yake huwa siziulizi. Ndiye pia aliyetuma kidoli cha kitenge chenye namba ya kufuatiliwa, kisafirishwe na wachezaji kopo kwa kopo hadi Tanga. Mara ya mwisho kuonekana kilikuwa Dubai, kimekwama huko kama binamu zetu.

Mama nilimpigia mwezi uliofuata. Nilikuwa nimeandika cha kusema kwenye karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia. Nilisema yote bila kupumzika, mtihani wa kwanza, wa pili, simu ile ya ngazini. Kule ng'ambo nikasikia kuku, na jirani anaita mtu.

"Kwa hiyo unafanya kazi gani?"

"Natunza wazee, mama."

"Wa watu?"

"Wa watu."

"Wanakula vizuri?"

"Wanakula."

"Haya." Akanyamaza tena kidogo. "Mjomba wako nitamwambia mimi."

Mtihani sijaufanya tena. Labda nitaufanya, labda sitaufanya. Ila mwaka jana tulificha kopo letu wenyewe, kando ya Duck River, dakika kumi kutoka nyumbani. La kwanza lilikataliwa na wakaguzi wa kujitolea wa mchezo, kwa kuwa lilikuwa chini ya mita 161 kutoka kwa kopo la mwingine. Ndiyo kanuni, na ningeisoma kabla ya kupaka rangi nisingelia. La pili likapita. Hatukuchimba wala kufukia. Tuliomba ruhusa kwa wenye bustani. Ingekuwa ndani ya hifadhi ya taifa ya jimbo hili ingetubidi kupata idhini ya wasimamizi wake. Kisanduku ni cha kubebea chakula, chenye kufuli nne na mpira, na humo hatukutia chakula chochote, maana wanyama wananusa kuliko setilaiti.

Juzi simu ilitetemeka nikiwa zamu. Mtu ameandika hakupata. Ameandika mistari sita: amekuja na binti yake, mvua imewakuta, wamekaa chini ya daraja wakiwatazama ndege, watarudi. Nilitoka kazini saa moja asubuhi na sikwenda kulala. Nikashuka mtoni na sare yangu ya kazi. Kisanduku kipo, kikavu, buibui mkubwa asiye na madhara amekikalia kama mlinzi wa benki. Nikamwomba kwa kijiti asogee. Penseli ilikuwa imekatika ncha; nikaichonga, nikafunga kufuli zote nne, nikapapasa mpira kwa kidole kuhakikisha hakuna uzi.

Nikiwa pale pale nikamwandikia: Lipo. Njooni tena, na mara hii mtazame usawa wa kiuno cha mtoto.